Kuku Aliyetakiwa Kutaga Mbele ya Soko

Asubuhi ya siku ya soko, kabla hata hajawasha moto, Kemuma aliingia bandani, akamkamata kuku wake mwenye shingo tupu, akambana kwapani na kumpapasa chini ya mkia. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha hivyo zamani kule Kisii. Mwanamke asiyejua kumpapasa kuku, alisema yule mama, hufuga kwa faida ya jirani, kwa maana kuku wake atakwenda kutaga kwenye ua wa watu. Kidole cha Kemuma kiligusa kitu kigumu, cha mviringo. Akashusha pumzi.

"Wewe ndiye wakili wangu leo," akamwambia kuku. "Usiniaibishe."

Alimtia kwenye katoni iliyotobolewa matundu, akajitwika, akashika njia ya Roret.

Huyu Kemuma, ambaye soko zima humwita Mama Zack, alichuma majani chai miaka kumi na tisa katika shamba kubwa upande wa Kericho. Kisha mashine zikaletwa. Wanawake waliokuwa wakiijua michai kwa vidole, mche kwa mche, waliitwa uwanjani asubuhi moja wakaambiwa warudishe vikapu. Hakuna aliyewauliza wataenda wapi. Kemuma hakurudi kwao. Alikodi kipande cha ardhi karibu na Kiptere, akanunua kuku, akaanza kuuza mayai ya kienyeji Roret, kwenye meza ya mbao karibu na lango la soko. Meza hiyo aliipata kwa kuomba na kusubiri mwaka mzima. Hana nyingine.

Miaka mitatu hakuna aliyemlalamikia. Mayai yake yalikuwa na weupe wa maziwa yaliyoonjeshwa chai kidogo tu, na watu waliyajua. Halafu, msimu wa baridi uliopita, ugonjwa ukaingia bandani na kufagia kila kitu chenye mabawa. Kemuma akaenda Merigi kwa shemeji yake, akapewa mitetea kumi na wawili: shingo tupu, miguu mirefu, kienyeji wa kuparuza na kula mboga na wadudu. Walipokua wakaanza kutaga. Mayai yakatoka ya kahawia.

Na Roret, mtu akiona yai la kahawia haulizi swali la pili. Hilo ni la gredi, limetoka kwa kuku aliyefungiwa ndani na kulishwa chakula cha gunia. La kienyeji ni jeupe. Hivyo ndivyo walivyoambiwa na mama zao, na hivyo ndivyo wanavyowaambia watoto wao. Watu wazima, wenye akili zao, wanaoweza kumtazama ng'ombe kwa mbali na kukuambia atatoa maziwa kiasi gani, humhukumu kuku kwa koti la yai lake.

Aliyeanza ni Fancy, mwenye hoteli ndogo ya chai na maandazi ng'ambo ya barabara. Kila siku ya soko alikuwa akichukua trei nzima, mengine ya wateja, mengine ya wanawake waliojifungua, ambao familia zao humwagiza mayai ya kienyeji wapate nguvu. Soko lililopita alifungua trei, akaifunga, akaifungua tena.

"Mama Zack, hii ni nini?"

"Mayai, Fancy."

"Naona ni mayai. Naona pia ni ya gredi. Mimi ninalisha wamama wamezaa juzi, na wewe unaniletea gredi kwa bei ya kienyeji?"

"Kuku ni wa kienyeji. Nimebadilisha kuku tu."

"Umebadilisha kuku ama umebadilisha roho?"

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimchoma Kemuma kuliko maneno. Mzee Aron, mwenyekiti wa soko, aliitwa. Ni mtu wa haki, lakini ana haraka. Alisema sheria ya soko inajulikana: anayedanganya mteja hupoteza meza. "Ninakupa mpaka soko lijalo, saa sita mchana," alisema. "Lete ushahidi ama uache meza."

Katikati ya juma, Bilhah alimtembelea nyumbani. Bilhah naye ni Mkisii, naye alirudisha kikapu asubuhi ile ile, na meza yake inapakana na ya Kemuma. Mayai yake ni meupe kama karatasi, na siku ile Fancy alipokasirika, trei ya Bilhah ndiyo iliyovuka barabara kwenda hotelini.

"Unajitesa bure," Bilhah alisema akinywa chai. "Weka siki kwa beseni, loweka dakika chache, sugua na sponji. Kahawia inatoka. Wanataka nyeupe, wape nyeupe."

"Na kuku wako wako wapi, Bilhah? Sijawahi kuwaona."

Bilhah alicheka tu, akaaga.

Alipoondoka, Kemuma alifanya jambo ambalo hakutaka hata kuku wamwone akilifanya. Alimimina siki kwenye bakuli, akaloweka yai moja. Povu dogo likapanda. Akasugua. Kahawia ikatoka kama tope, na chini yake pakabaki yai jeupe, lakini ganda lilikuwa kavu na lenye kukwaruza, kama chaki. Alilishika kwa muda mrefu. Lingepita mbele ya macho ya watu, lakini lilikuwa la uongo. Akalichemsha, akalila bila chumvi, akamwaga siki yote.

Sasa siku ilikuwa imefika. Saa tatu alimweka kuku juu ya meza, ndani ya katoni yenye nyasi. Watu wakasogea.

"Ati kuku atatoa ushahidi!"

"Ameapishwa kwa Biblia?"

"Mama Zack, kama ni jogoo utatuambia nini?"

Kuku alisimama katikati ya katoni, shingo imenyooka, macho yakizunguka. Saa nne ikapita. Saa tano. Muuza mitumba alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti, pikipiki zilikuwa zikinguruma langoni, na kila zogo lilipoongezeka kuku alijikunja. Kemuma alijua kinachoendelea. Kuku mwenye hofu hulizuia yai. Anaweza kulizuia mpaka jioni.

Mzee Aron alitazama saa yake. "Mama, imebaki nusu saa."

"Mwenyekiti, anaogopa kelele."

"Sasa nifunge soko kwa sababu ya kuku?"

Kemuma alivua leso mabegani, akaifunika katoni mpaka ndani pakawa giza. Kisha akawageukia watu.

"Mnataka kuninyang'anya meza kwa sababu ya rangi. Sawa. Nipeni kitu kimoja tu. Nyamazeni."

Hakuna aliyetarajia lililofuata. Fancy ndiye aliyevuka barabara kwenda kumwomba yule wa mitumba azime kipaza sauti. "Mimi ndiye nilianzisha maneno," alisema aliporudi. "Nataka kujua." Vijana wa pikipiki wakazima injini, kwa mzaha kwanza, kisha kwa kweli. Soko la Roret likanyamaza mchana kweupe, kwa ajili ya kuku.

Dakika kumi. Kumi na tano. Bilhah alikuwa amekaa nyuma ya trei zake, hatazami. Chini ya leso nyasi zikasikika zikiparuzwa, kisha kukawa kimya, kisha kuku akaanza kulia ule wimbo wake wa kujisifu ambao kila mtu pale anaujua tangu utotoni.

Mzee Aron mwenyewe ndiye aliyefunua. Yai lilikuwa kwenye nyasi, la kahawia, bado na unyevu. Akaliinua juu watu walione. Kisha akakitazama kidole chake gumba, uso ukabadilika. Kilikuwa na doa la kahawia, na kwenye ganda palibaki alama nyeupe.

"Rangi inatoka!" alisema.

"Amepaka!" mtu akapayuka nyuma. "Amepaka majani chai!"

"Amepaka saa ngapi?" Fancy akamjibu. "Ndani ya kuku?"

Kicheko kililipuka, lakini Fancy hakucheka. Alilichukua yai, akalisugua, akaitazama ile alama nyeupe ikipanuka. Halafu macho yake yakasogea polepole mpaka kwenye meza ya pili.

"Kama ya kahawia inaweza kutolewa," alisema, "basi hizi nyeupe nilinunua kwa Bilhah ni za kuku gani?"

Bilhah alimtazama Kemuma. Macho yake yalikuwa yakiomba. Kemuma angeweza kunyamaza. Meza ilikuwa imeshaokoka.

"Inatoka," Kemuma alisema. "Yai likitoka tu, hata kidole kinaitoa. Likikauka, inatolewa na siki. Najua kwa sababu nilijaribu."

Mzee Aron akageuka. "Wewe?"

"Mimi. Juzi. Yai moja. Sikuuza, nilikula. Kama hiyo ni hatia, mwenyekiti, chukua meza."

"Nani alikufundisha?"

"Nimeitwa hapa kwa mayai yangu. Hayo ndiyo nimejibu."

Mzee alilisugua lile doa kwenye kidole. "Kuku ni wa kienyeji," alisema mwishowe. "Macho yangu yameona. Yai alilokula mtu nyumbani kwake halina kesi sokoni. Meza ni yako."

Fancy alikuwa amelirudisha yai kwenye nyasi na ameshafika kwa Bilhah. Aliokota yai jeupe, akalipitishia ukucha. Likakwaruza kama chaki. Akalinusa, akalirudisha mahali pake taratibu. Bilhah hakungoja kuambiwa. Alipanga trei zake, moja juu ya nyingine, akazifunga kwa kamba na kuondoka kwa lango la nyuma. Kemuma alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Hakufurahi. Walikuwa wamerudisha vikapu pamoja.

"Nipe trei yangu," Fancy alimwambia aliporudi. "Na unisamehe, mama. Roho haikubadilika."

"Kongoi, Fancy," Kemuma akamshukuru kwa lugha ya kwao Fancy.

Kipaza sauti kikaanza tena, pikipiki zikanguruma, watu wakatawanyika. Kemuma alikuwa akimpa kuku maji kwenye kifuniko cha mkebe mwanamke mmoja aliposimama mbele ya meza, mtoto mgongoni. Alikuwepo tangu asubuhi. Alikuwa ameona yote.

"Mama," aliuliza akiyageuza mayai, "huna nyeupe?"

Kemuma alimtazama. Kisha akalichukua lile yai lenye alama ya vidole vya mwenyekiti, akamwekea kiganjani. Lilikuwa bado na joto.