Shosho Aliyekuja Kuhesabiwa

Kisa hiki nimekiandika kwenye daftari langu mara nne, na mara tatu nikazichana kurasa. Si kwa sababu ni uongo. Ni kwa sababu nikikisoma naona kama kimeandikwa na mtu anayetaka kusifiwa. Lakini kilitokea. Kilitokea Riruta, siku ya Jumamosi, saa tisa na dakika kumi mchana, mimi nikiwa macho, nimeshiba githeri, sina homa wala mawazo. Watu husema mambo kama haya hungoja giza. Haya hayakungoja.

Niseme kwanza mimi ni nani, usije ukanipa heshima isiyo yangu. Nilimaliza kidato cha nne nikapata alama za kutosha kukaa nyumbani. Baadaye nikasoma kompyuta miezi mitatu kwenye chuo cha orofani kule River Road, juu ya duka la mbegu. Cheti ninacho. Kwa cheti hicho nikaajiriwa karani wa kliniki ndogo ya Sista Mwende, muuguzi wa kutoka Machakos, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, kompyuta bado ni kitu cha kufunikwa kwa kitambaa jioni.

Kadi za wagonjwa zilijaa stoo kwenye makatoni ya maziwa. Karani aliyenitangulia, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa katekisimu, alikuwa amezichapa zote kwenye kompyuta kabla hajastaafu: jina, mzazi, mwaka wa kuzaliwa, dawa asizopatana nazo mgonjwa. Kazi ya miaka miwili. Sista akaamua sasa tuwe na programu ya kisasa, na akatoa amri: Jumatatu tunaanza nayo, na kadi zote zichomwe.

"Panya wamenizalia humo vya kutosha," akasema.

Programu ilitengenezwa na Njoroge. Huyu tulikua naye mtaa mmoja, na siku hizo alikuwa akifanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi fulani Upper Hill, jioni anatengenezea watu programu zao. Hifadhidata yake haikuwa ile ya mashirika makubwa, yenye kompyuta yake na chumba chake cha baridi. Ilikaa ndani ya programu yenyewe, faili moja tu, ungeweza kuibeba kwa flashi mfukoni. Kazi yetu ilikuwa kuichukua orodha ya mzee na kuiingiza humo.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Nasema langu. Njoroge asilaumiwe.

Aliniuliza, "Nipe kitu kimoja ambacho watu wawili hawawezi kuwa nacho sawa. Programu itawatambua nacho."

Nambari ya kadi haikufaa, kwa kuwa watu walipoteza kadi wakapewa nyingine, mtu mmoja ana nambari tatu. Nikafikiri kidogo tu, kisha nikasema, "Jina. Majina yote matatu."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Mimi! Niliyeitwa kwa jina la nyanya yangu, na binamu zangu wawili wameitwa yeye vilevile. Ungeniuliza nyumbani ningekuambia mara moja. Lakini nikikaa mbele ya skrini, akili ya nyumbani huwa naiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Njoroge akapanga hivi: mstari ukija na jina ambalo tayari limo, ule mpya unakaa mahali pa ule wa zamani, kimyakimya. Ijumaa akaingiza orodha yote. Skrini ikaandika: Kazi imekamilika. Makosa: 0. Watu walikuwa wamepungua mamia kadhaa, na sisi tukapeana mikono. Tuliona tumesafisha.

Kilichotusumbua ni herufi tu. Mzee alikuwa mtu wa utaratibu, majina ya Kikuyu aliyaandika kama yalivyo kwenye Biblia ya kwao, na ule mkia mdogo juu ya u na i. Sasa kwenye programu Wanjirũ alikuwa amegeuka WanjirÅ©. Ndiyo sababu Jumamosi, kliniki ilipofungwa saa saba, nilibaki. Nilifunga geti la chuma kwa kufuli, ufunguo nikautia mfuko wa sketi. Hilo ulikumbuke.

Nikampigia Njoroge simu.

"Futa tu hizo alama, wewe," akasema. "Nani anajali?"

"Wenye majina."

Akacheka. "Haya, sikiza. Hiyo faili ya mzee imetunzwa kwa mtindo wa UTF-8. Hapo kila u yenye mkia ni vipande viwili. Programu inasoma kila kipande kivyake, inadhani ni herufi mbili. Kuna mahali pa kuiambia. Bonyeza, halafu tuingize upya."

Nikapata mahali penyewe. Nilikuwa sijabonyeza, simu nimeshaikata, ndipo nikasikia mtu anakohoa.

Shosho mmoja, bibi wa umri wa nyanya yangu, alikuwa ameketi kwenye benchi ya wagonjwa. Kitambaa cha kijani kichwani, kiondo mapajani, gambuti za mpira miguuni. Ya kushoto ilikuwa imekatwa juu kidogo ili bandeji ipite. Alikaa kama mtu aliyesubiri zamu yake muda mrefu na hana haraka ya kulalamika.

Niamini, sikushtuka. Mazoea ni kitu cha ajabu. Mkono wangu ulivuta daftari la mahudhurio wenyewe, nikatazama saa ya ukutani, nikaandika saa tisa na kumi.

"Jina, shosho?"

"Tabitha Wanjirũ Njuguna."

Nikaandika. "Lakini shosho, leo tumefunga. Sista ameenda nyumbani. Unaumwa wapi?"

"Mimi siumwi tena. Nimekuja kuhesabiwa." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Si uniangalie kwa hiyo televisheni yako."

Nikatafuta. Nikamsomea lilivyo, na zile alama zake. Akakunja uso.

"Hilo ni jina ama ni dawa ya kupe?"

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akauliza, "Na tuko wangapi humo ndani?"

"Mmoja, shosho."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Hapo hakucheka. "Mimi nilizaa wanaume wawili. Kila mmoja akampa msichana wake wa kwanza jina langu, lote, mpaka la ubatizo. Na mimi mwenyewe. Tuko watatu. Wewe, mama, umetupika sufuria moja." Akapapasa kiondo chake. "Enda uangalie kule nyuma. Wa Kamau ndiye usinipotezee."

Nilipita mbele yake kwenda stoo. Hata harufu ya moshi wa kuni niliisikia. Nikapindua makatoni mpaka herufi T, na zikawa hapo, kadi tatu zimefungwa pamoja kwa raba, kazi ya yule mzee.

Ya kwanza, mzazi Mwangi: mtoto mzima wa afya, dawa zote sawa. Hii ndiyo iliyobaki kwenye programu, kwa kuwa mstari wake ulikuja mwisho. Ya pili, mzazi Kamau, na maandishi ya wino mwekundu: ASIDUNGWE PENISILINI. ALIVIMBA KOO, PUMZI IKAKATA. Ya tatu ilikuwa kuukuu. Kidonda cha mguu wa kushoto. Kadi nzima imepigwa mstari wa mshazari, na juu yake mzee ameandika kwa mwandiko wake wa kanisani: Amefariki. Tarehe yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja kabla mimi sijaajiriwa.

Unafikiri nilianza na woga? Nilianza na aibu. Niliona jinsi tulivyopeana mikono jana yake. Woga ulikuja wa pili, niliporudi mbele na benchi ni tupu. Geti limefungwa. Kufuli mahali pake. Ufunguo mfukoni, unanichoma paja.

Benchi ilikuwa na udongo mwekundu kidogo chini yake, lakini udongo sitautumia kama ushahidi, maana mfagiaji haji Jumamosi. Labda nilisinzia pia. Nimejiuliza hilo kuliko utakavyoniuliza wewe. Ila daftari la mahudhurio lilikuwa wazi mezani, na jina lilikuwamo, majina yote matatu, mwandiko wangu, kabla sijaiona kadi yoyote.

Nilipanda juu ya kiti nikaomba. Kisha nikampigia Njoroge, nikamwambia aje. Akaja na soda mbili.

"Eti umeona jini la data," akasema, akinizungusha kama mgonjwa. "Maze, hii kazi itakuua."

"Wewe umeitwa jina la nani?"

"La guka, babu yangu."

"Na binamu zako? Wavulana wa kwanza, kwa kila baba?"

Akaanza kuhesabu vidole. Alipofika kidole cha nne aliketi, na bahati mbaya aliketi kwenye ile benchi.

"Sote," akasema polepole. "Na la ubatizo pia."

"Basi humu ndani wewe ni mmoja."

Hakunitania tena siku hiyo. Tulifanya kazi mpaka taa za barabara zikawaka, na Jumapili baada ya kanisa tukarudi. Tukafuta vyote tukaanza upya. Faili tukaitangaza kuwa UTF-8, na mikia ikarudi juu ya majina, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari ukapewa nambari yake mpya na programu yenyewe, na hakuna tena mstari wa kukalia wa mwenzake. Wanaofanana majina walipangwa pamoja kwenye skrini, ili mtu mwenye kadi mkononi aamue ni mmoja ama ni wengi, na tukaanza na wenye wino mwekundu. Kisha tukahesabu mistari ya faili, tukahesabu watu waliomo. Hesabu zikapishana kwa mmoja! Njoroge akakuna kichwa, akapiga meza.

"Mstari wa kwanza! Ule wa vichwa vya safu, jina, mzazi, mwaka. Huyo si mtu!"

Tukahesabu tena bila yeye. Sawasawa. Njoroge, kijana wa tai wa Upper Hill, alicheza ngoma ya mugithi peke yake kati ya mizani na kitanda cha wagonjwa.

Jumatatu kabla ya saa tano, mama mmoja aliingia na msichana wa miaka minane hivi, koo limevimba, macho mekundu. Alikuwa mgeni kwangu. Foleni ilikuwa mpaka nje. Sista Mwende alimchungulia mtoto koo na kusema atamdunga, na tayari alikuwa anavuta dawa kwenye sindano huku akiniita.

"Karani! Jina lake, tuone!"

"Tabitha Wanjirũ Njuguna," mama akasema.

Nikaandika. Wakatokea watatu, mmoja chini ya mwingine.

"Tabitha wa nani?"

"Wa Kamau."

Nilibonyeza, na Njoroge alikuwa amewawekea rangi wale wa wino mwekundu. Skrini ikawa nyekundu.

"Sista, weka chini!"

Mimi sijawahi kumpigia mkubwa wangu kelele, kabla ya siku hiyo wala baada yake. Sista alikuja na sindano mkononi, akasoma, akasoma tena. Akairudisha kwenye bakuli la chuma taratibu, kama mtu anayelaza kitoto. Kisha akaketi.

Mtoto alipewa dawa nyingine, ya kunywa. Aliondoka amekasirika, kwa sababu alikuwa amejiandaa kulia na hakupata nafasi. Mama yake alinishika mkono asiuachie. "Tumerudi Riruta juzi tu," akasema, "na mimi hiyo dawa jina lake sikuwa nalishika. Cucu yake, mamake Kamau, ndiye alikuwa anamleta hapa. Hata mguu ukimuuma, anavaa gambuti anakuja, anamwambia yule karani mzee, andika na nyekundu."

Sista alinigeukia. "Nani alikuambia uhesabu?"

Nikamwambia yote, pale pale, mbele ya watu. Hakucheka. Alitoka nyuma ya kliniki, na tukamsikia akimwambia mlinzi kwa ile sauti yake arudishe mafuta ya taa dukani na makatoni stoo.

Hiyo ni miaka iliyopita. Tangu hapo naitwa na watu wengi kuliko cheti changu kinavyostahili: shule moja ya Kitisuru, mawakili wa mjini, duka la vipuri. Data imegoma kuingia, majina yamekuwa alama za kuuliza, watu wamepotea kwenye orodha. Huwa nakaa, natangaza herufi, natafuta nani amekaliwa na nani. Na kabla sijabonyeza, nauliza kwa sauti, "Mko wangapi humo ndani?" Wananicheka. Wacha wacheke. Sijapoteza mtu hata mmoja.

Sista aliwahi kutaka tuwaondoe marehemu ili faili iwe nyepesi. Nilikataa, na yeye hakubishana. Tabitha wa gambuti bado yumo, na mkia wake juu ya u.

Kwa hivyo wewe unayefanya kazi hizi, nakuonya kama ndugu. Mashine ikikuandikia makosa sifuri, usimpe mtu mkono. Hesabu. Na ukiwa umefunga geti mwenyewe, ufunguo uko mfukoni, na kuna mtu anakohoa kwenye benchi, usipoteze wakati kumuuliza ameingia vipi. Mwandike jina lake lote. Kisha nenda stoo ukazilete kadi.