Wambura wa saksafoni, umeniacha na kinanda peke yangu

Bado nakataa, jamani. Tumemzika jana kwao Kisaka, na leo niko ofisini Sirari natazama kiti chake. Koti lake bado liko pale.

Kwa msiomjua: Wambura alikuwa clearing agent mwenzangu hapa mpakani. Jumatatu asubuhi alianguka bafuni, presha, hakuamka tena. Boss akaandika kwenye group la ofisi. Nikajibu, "Acheni utani." Meseji yangu ipo mpaka sasa, hakuna aliyeijibu.

Nilikuja huku kutoka Tukuyu sina ndugu, sina rafiki, Kikurya sijui hata salamu. Nilikuwa naongea na madereva wa malori tu, na hao walikuwa wananigombeza mizigo yao haitoki.

Siku moja system ya forodha ikawa down. Foleni ya magari mpaka ng'ambo Isebania, kila mtu anatukana. Wambura akatoa saksafoni kwenye buti ya gari, tenor kubwa imebonyea tumboni, akaanza kupuliza blues taratibu nyuma ya ofisi.

Dereva mmoja Mkenya akapaza sauti, "Boss, hiyo ni ya matanga! Si utuwekee ya kuchangamka?" Nilicheka hadi nikatoka nje. Nikamwambia Wambura mimi napiga piano. Akanitazama juu mpaka chini. "Piano? Huku?"

Kumbe ilikuwepo. Ukumbi wa kanisa fulani Tarime mjini, piano ya mbao ya kizamani, panya wamezaliana ndani na noti kadhaa zimekufa. Mchungaji alituruhusu kwa sharti la kufagia ukumbi kwanza. Basi kila Jumamosi mchana tunafagia, tunapiga. Blues na jazz, sisi wawili tu. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna mwimbaji.

Watu hawakutuelewa kabisa! Kuna harusi tulipiga wimbo mzima wa taratibu, tumefumba macho, tunajisikia. Tulipomaliza MC akasema, "Tunawashukuru mafundi mitambo kwa kujaribu vyombo. Sasa bendi ipande jukwaani!" Mimi nilitaka kulia. Wambura alicheka mpaka akakaa chini. "Atupele, wametusikiliza mpaka mwisho. Ungetaka nini tena?"

Kwenye mazoezi hakuwa na huruma, huyo mtu. Mimi ni wa kwaya, nimezoea kujaza kila mahali. Akawa ananikatisha: "Atupele, vidole vyako vina umbea! Kila ninachosema vinadakia. Nikiongea, tulia. Ukiongea, natulia. Hivyo tu." Nilikuwa nanuna. Kisha ananunua mahindi ya kuchoma, tunakula, yameisha.

Ofisini walisema kuna jambo kati yetu. Mke wake, Ghati, ndiye aliyecheka kuliko wote. "Mchukue tu Jumamosi, wifi. Mkimaliza hizo kelele zenu unirudishie."

Sasa hiyo jana.

Msibani kila mtu ana mahali pake. Wajomba upande huu, watu wa rika lake upande ule, wanawake wa ukoo kwenye masufuria, Ghati ndani na wafiwa. Mimi nilisimama karibu na tenki la maji, kinanda changu kidogo cha umeme kiko begani kwenye mfuko wake.

Msimamizi wa msiba akanipitia. "Dada, wewe ni wa upande gani?"

Nikajibu wa ofisini. Akanielekeza viti vya wageni, nyuma kabisa, nikaletewa soda. Jamani, iliniuma. Si ndugu, si mjane, si wa rika. Mtu mliyekuwa mnapiga naye hana jina msibani.

Ghati ndiye aliyetuma neno kwamba nipige kabla ya kushusha jeneza. Mpiga tarumbeta wa kwaya akanifuata kwa wema wake, eti atanisaidia upande wa Wambura. Nilimkatalia. Nadhani nilimkatalia kwa ukali, anisamehe.

Nikapiga ule wetu wa Jumamosi, upande wangu tu. Ilipofika zamu yake nikatoa mikono, nikakaa kimya mpaka zamu yangu irudi. Jenereta tu linanguruma. Nikapiga changu, nikanyamaza tena.

Watu wakaanza kunong'ona. Kasahau, masikini. Msimamizi akamwashiria mtu wa spika aweke nyimbo za kwaya.

Hapo mama yake Wambura akainuka kwenye mkeka. Hatukuwahi kuonana. Akaja polepole mpaka kwenye kinanda, watu wakampisha.

"Shikamoo, mama."

Akaniinamia. "Mbona unakatakata?"

"Hapo ni pa kwake, mama. Hapo ndipo anapopuliza yeye."

Akamwambia mtu kitu kwa Kikurya, kikaletwa kiti, kikawekwa ubavuni kwangu. Yule wa spika akaambiwa azime. Mama akakaa, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Anza tena," akasema. "Na hapo pa kwake usiharakishe."

Sikuharakisha, Wambura. Mama yako alikuwa ananigusa goti kila ninapotoa mikono. Hakuna aliyenong'ona tena. Kisaka nzima ilikusubiri pamoja na mimi.

Nimerudi Sirari na nina mengi ya kusimulia kuhusu msiba ulivyokuwa. Mtu ambaye ningempigia simu nimsimulie ni wewe. Sina mwingine huku.

Lala, kaka yangu. Umelala kwenu, kwa watu wako. Mimi ndiye niko ugenini.