Kilichokuwa Kikikwaruza Ukutani kwa Mama Mkwe

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, nilikuwa nimening'inia juu ya mlingoti wa redio nyuma ya nyumba yangu. Ngazi imelala chini, na nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu, mama mkwe wangu.

Mama mkwe huyohuyo niliyemwambia binti yake kwamba akili zimeanza kumtoka.

Msinicheke. Ngoja niwaeleze nilifikaje huko.

Mimi ni fundi wa friji, lakini mtaani wananiita Mawimbi, kwa sababu nikitoka kazini tu navaa vipokea sauti masikioni, naongea kwa redio na watu wa nchi za mbali ambao sijawahi kuwaona. Hainilipi kitu, ni mapenzi tu. Leseni ninayo.

Antena yangu imekaa juu ya mlingoti. Ni bomba la chuma, refu kupita paa, tupu ndani, upana wake kama mdomo wa kikombe. Nimelifunga kwenye ukuta wa nyuma, na upande wa pili wa ukuta huo ndicho chumba cha mama mkwe. Kitanda chake kimegusa ukuta.

Mke wangu alikubali mlingoti kwa sharti moja: ukileta shida yoyote ndani ya nyumba, unang'olewa.

Miezi miwili nyuma, mama akaanza kusema kuna kitu ukutani. Kinakwaruza, kinagonga, kinanyamaza. Zinapita siku kimya, kisha kinaanza tena.

Nikamwambia ni upepo. Mke wangu akaenda kusikiliza, siku hiyo pakawa kimya.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia mama umri umeenda, tumpeleke akaonwe. Mke wangu akalia sana. Akachukua miadi kwa daktari, Ijumaa. Akampa mama kalenda na kalamu, aweke alama kila siku anayosikia hizo sauti, hata zile za nyuma anazozikumbuka. Akaongea na kaka yake pia, kwamba Jumamosi aje amchukue, kwake kuna watu wa kushinda naye.

Mpaka hapo nilikuwa naamini ninachosema, nawaapia.

Jumanne nilikuwa nakaza waya wa antena, mkono mmoja nimeshika bomba. Likatetemeka kidogo. Nikaweka sikio.

Kucha. Kucha ndogo zinapanda, zinateleza, zinapanda tena.

Nikatazama juu. Mdomo wa bomba ulikuwa wazi. Nilipobadilisha antena nilitoa kifuniko na sikukirudisha. Ndege anaingia akitafuta tundu la kutagia, anateleza hadi chini, na humo hana nafasi hata ya kukunjua bawa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema.

Nikajikausha. Nikisema, mlingoti unakwenda, na mke wangu anajua nimemzushia mama yake. Nisiposema, mama anahamishwa na ndege anafia humo. Siku mbili nikawa nakaa naye mezani hivyohivyo.

Alhamisi nikatoroka kazini. Nilipanga nipande nizibe juu kwa kopo, nishuke, nifungue kibati kinachoziba tundu la chini ya bomba, ndege aende zake. Nani angejua?

Vikanyagio vya mlingoti vinaanzia usawa wa paa, nilivichomelea huko makusudi ili watoto wasipande. Nikavifikia kwa ngazi. Mguu wa pili ulipoiacha, ngazi ikateleza ikaanguka kwa kishindo. Kopo nalo likanitoka mkononi.

Mama akatoka. Akatazama ngazi, akanitazama mimi. Kuinua hawezi, nguvu hizo hana. Nikamwambia asihangaike, nitamsubiri mke wangu. Akaleta stuli, akakaa chini yangu, akaniuliza natengeneza nini.

Uongo nilikuwa nao tayari. Lakini ndani ya bomba kucha zikakwaruza, na nikamwona mama anageuka kuutazama ukuta.

"Baba, wewe umesikia kitu?"

Hakuwa ananitega. Aliuliza kama mtu anayeomba.

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Ndege. Amekwama humu. Kichwa chako ni kizima, mama. Kosa ni langu, bomba nililiacha bila kifuniko, na nimelijua tangu Jumanne."

Akafunika uso kwa viganja, akalia. Alipotulia akaniambia kwamba siku hizi alikuwa anaogopa hata kuulizwa jina lake, asije akakosea.

Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa na pa kuipeleka. Juu mawingu, chini mama.

Nikamwelekeza spana ilipo. Akafungua nati nne za kibati. Yakaanza kumwagika manyoya na vifupa vya ndege watatu. Kisha akatoka shomoro mmoja, amejaa kutu. Akatua mapajani kwa mama, akahema pale muda mrefu, akaruka.

Mama akaingia ndani, akarudi na kalenda, akanisomea. Alama siku nne, kimya. Siku tatu, kimya. Siku tano, kimya. Kisha hizi za wiki hii.

Ndege watatu. Alikuwa anaandika siku zao za mwisho, na sisi tulitaka kumpelekea daktari kama ushahidi dhidi yake.

Halafu akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika kifuniko cheusi cha plastiki.

"Ndicho hiki? Nilikiokota hapa siku ile ulipobadilisha antena, nikakuletea, ukaniambia kimezidi. Nikakifanya cha kuwekea vifungo."

Saa kumi na moja mke wangu akafika, akakimbilia ngazi. Mama akamshika mkono.

"Iache kwanza. Ana neno la kukuambia."

Nikalisema lote, nikiwa juu kulekule, majirani wamejaa kwenye uzio. Mke wangu akachukua kifuniko mkononi mwa mama. Akasimamisha ngazi, akapanda, akanipa kifuniko, akangoja mpaka nilipokikaza.

Miadi ya daktari ikafutwa. Safari ya Jumamosi pia. Mke wangu alitaka mlingoti ung'olewe, mama ndiye aliyekataa. Alisema bomba halijamsingizia mtu.

Ndugu zangu, kama una bomba limesimama wazi mahali, nenda kalizibe leo. Na mzee wako akikwambia anasikia kitu, weka sikio ukutani kabla hujafungua mdomo. Mimi namsikia mtu akikohoa ng'ambo ya dunia, nikashindwa kumsikia wa chumba cha pili.

Kalenda bado imening'inia ukutani kwake. Nimemwomba aitoe, hataki.