Nilivyojitangaza Kwenye Kikao cha Harusi

Nilitoka Urambo hadi Mtendeni, Tabora, ili nisijulikane. Nilikuwa nimeamua kuacha pombe, na niliambiwa wanaoacha hukutana kwenye ukumbi mmoja huko kila Jumamosi. Nikakuta watu wameketi duara. Nikabaki wima nikasema kabla ujasiri haujaniishia:

"Shikamooni. Mimi ni mlevi. Juzi nililala mtaroni, nikamdanganya mke wangu kwamba nilikuwa zamu kwenye ghala la tumbaku. Leo nimeacha."

Mwenyekiti, mama wa makamo, akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Hiki ni kikao cha harusi. Unaowatafuta wako chumba cha pili."

Nikageuka nikimbie. Mlangoni alikuwa anaingia mama mkwe wangu, aliyealikwa kwenye kikao hicho, na alikuwa amesikia yote.

"Hurudi nyumbani, baba," akasema. "Ingia hicho chumba cha pili. Mimi nakaa hapa mlangoni mpaka utoke."