Sakafu Isiyo na Chaki

Nyuma ya karakana yangu hapa Kibaoni kuna sakafu ya saruji ambayo wageni huuliza ni ya nini. Haina ukuta wala paa, na siku hizi kinachokaa juu yake ni mpunga wa jirani anaouanika wakati wa mavuno. Tuliimwaga mimi na mwenzangu tulipoacha kazi ya kuchomelea kwenye kiwanda cha sukari tukaamua kujitegemea. Tulitaka mahali pa kuchora kenchi za paa kwa ukubwa wake halisi. Mchoro tuliuweka chini kwa chaki, tukapanga vyuma juu ya mistari, tukavikata na kuviunga hapohapo.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huchuchumaa akashika ncha ya uzi uliopakwa chaki, mwingine akaunyoosha hadi upande wa pili, kisha mmoja huuinua kidogo na kuuachia ugonge sakafu. Mstari ukikataa, mnafuta kwa tambara lenye maji mnaanza upya. Katika kufuta na kuanza upya ndimo tulimozeekea.

Mwenzangu ni Msukuma. Baba yake alishuka na ng'ombe bondeni humu mwenzangu akiwa kijana; ng'ombe wakaondoka, mwenzangu akabaki. Mimi ni wa hapahapa, Mndamba. Kila asubuhi nilimsalimia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwangaluka," naye akaitikia kwa sauti ya kunionea huruma. Tukishika uzi ndipo maneno yalipoanza.

"Vuta, mzee," nilimwambia. "Huo si mkia wa ndama."

"Wewe mla kitoga, umezaliwa kwenye mafuriko, lini umeona kitu kilichonyooka?" alinijibu. Kitoga ni samaki wa mto wetu, na sisi Wandamba ndio walaji wake.

Mke wangu, alipokuwa hai, alikuwa akisema kwamba akitaka kujua kama kazi inakwenda vizuri anasikiliza tu kama tunatukanana.

Binti yangu anafundisha sekondari mjini Morogoro. Alikuja likizo wakati nimepata kazi ya ghala la mpunga kule upande wa Mngeta, kazi kubwa kuliko tulizozoea. Alinikuta nimekaa na karatasi ya vipimo. Akachukua simu yake, akaniuliza upana wa jengo, mwinuko wa paa, aina ya mabati, aina ya bomba nililonalo. Akaiandikia ile akili mnemba ya kwenye simu kama mtu anayemwandikia rafiki. Kabla chai yangu haijapoa, ikatoa mchoro wa kenchi, urefu wa kila kipande, pembe ya kila mkato, na namna ya kugawa mabomba ili vipande visivyofaa viwe vichache.

"Baba, hakiki mwenyewe," alisema. "Usiiamini tu."

Nilihakiki. Nilikaa na rula na hesabu zangu za kidato cha nne siku nzima. Haikuwa imekosea.

Hapo ningeweza kumwita mwenzangu, tukacheka, tukatafuta namna ya kufanya kazi pamoja na mashine hiyo. Sikufanya hivyo. Niliona tu kwamba hakuna tena haja ya kuchora chini, na kama hakuna haja ya kuchora, basi hakuna haja ya mtu wa kushika ncha ya pili. Vijana wa vibarua wangetosha kukata na kuunga kwa kufuata karatasi.

Huku kwetu fundi haambiwi kwamba hatakiwi. Unamwambia kwa upole, na upole huo ndio unaomkalisha akisubiri. Nilimwambia, "Mzee mwenzangu, hii ya sasa ni ndogo. Pumzika kidogo. Nitakuita."

"Haya," alisema. "Mgongo nao unataka kupumzika."

Aliamini. Nilisikia baadaye kutoka kwa mama anayeuza chapati karibu na kwake Mlabani kwamba kila asubuhi alikuja kunywa chai akiwa amevaa ovaroli, simu mezani mbele yake, tayari kuitwa.

Siku ya kupeleka kenchi, lori lilipita Mlabani. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva. Mwenzangu alikuwa pale kwa mama chapati. Aliliona lori kwanza, kisha mzigo, akasimama. Fundi anajua kenchi iliyotoka mkono wa nani kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake kwenye kundi la ng'ombe wa wengine. Aliutazama mzigo wote hadi mwisho, kisha akatazama mbele, mahali nilipokaa. Nikainamisha kichwa nikaanza kubonyeza simu, na haikuwa na kitu. Dereva angesimama kama ningemwambia. Sikumwambia.

Kazi ziliendelea kuja. Vijana wanafuata karatasi vizuri na wana adabu. "Shikamoo mzee." Marahaba. Baada ya hapo huweka vispika masikioni, na mimi hubaki na mlio wa grinda. Hakuna anayebishana nami juu ya pembe, kwa sababu pembe imeshaandikwa. Mchana nakula wali wangu peke yangu kwenye benchi lililotengenezwa kwa watu wawili.

Watu huniuliza, hasa wazazi wenye vijana wanaotaka kusomea uchomeleaji, kama akili mnemba itamaliza kazi za mafundi wa vyuma. Husema wamesikia huko mbali kuna mashine inayojichomelea yenyewe. Sijui ya mbali. Najua ya kwenye uwanja wangu. Simu ile ilitoa vipimo tu, haikumtaja mtu. Aliyemwondoa mwenzangu ni mimi, na ningeweza kumbakiza.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, nilipanda baiskeli nikaenda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaunga upya magurudumu ya chuma ya trekta dogo la pawatila, yale ya kuingilia kwenye tope la majaruba ya mpunga. Amekonda.

"Mwangaluka," nilisema.

"Salama tu," alijibu, kwa Kiswahili. Alinivutia ndoo nikakalia.

Alimaliza mshono aliokuwa akiuunga, akainua kioo cha kuchomelea kutoka usoni. Habari za simu alikuwa ameshazisikia mitaani. "Hiyo akili ya kwenye simu imekosea?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angenicheka mpaka machozi, angenitangazia mji mzima, na kesho yake angekuwa karakanani. Nilimjua.

"Haijakosea hata mara moja," nilisema.

"Sasa umekuja kuniitia nini?"

"Kushika uzi."

"Uzi wa nini, na hakuna kinachochorwa?"

Nilisema kwamba tunaweza kuchora hata hivyo, kuhakikisha, na kwamba lori lile nilipaswa kulisimamisha. Aliposikia lori, aligonga mabaki ya kuunga juu ya chuma kwa nyundo yake ndogo, taratibu, mpaka mshono ukawa safi.

"Mla kitoga wewe," alisema, lakini chini chini, kama mtu anayejaribu neno la zamani kuona kama bado linatosha mdomoni. Kisha akashusha kioo. "Nina magurudumu ya watu hapa, na mvua hizo. Nenda. Nitakuita."

Sikuweza kujua alilisemaje neno hilo, maana uso ulikuwa nyuma ya kioo.

Nilirudi. Jirani alikuwa ameshaondoa mpunga wake, nikafagia sakafu, nikaiosha kwa maji. Uzi bado umeviringishwa kwenye kijiti chake, unaning'inia msumarini. Simu siiweki tena mfukoni ninapotumia grinda, kwa kuwa sitaisikia. Naiweka kwenye benchi, upande aliokuwa akikaa mwenzangu, mbali na cheche, na kila baada ya mkato mmoja nazima mashine, nasikiliza.