Bendi ya Kiwanda cha Mbao

Mwezi uliopita nilipanda tena milima ya juu ya Lushoto kwenda kuona pale palipokuwa na kiwanda cha mbao, na nikapapita bila kujua. Ilibidi nirudi nyuma nimuulize mama mmoja aliyekuwa akipalilia kabichi. Akaniambia hajawahi kusikia habari za kiwanda chochote. Nilisimama pembeni ya shamba lake nikitamani kumwambia kwamba hapo anapopalilia palikuwa na bendi ya roki.

Hata wewe huenda huniamini, nami sikulaumu. Tuliishi mbali na kila kitu. Nyumba zetu zilikuwa za mbao, ukungu uliingia mpaka jikoni, na duka letu mara nyingi halikuwa na sukari. Kutwa msumeno ulilia ukipasua mikulo, na harufu ya miti ile, kali kama dawa ya kifua, ilikaa kwenye nguo zetu na hata kwenye maharage. Sisi watoto tulichota maji bondeni, tukaokota maranda ya kuwashia moto, na tukipata nafasi tulikimbilia ukingoni. Pale, ukungu ukifunguka, uliona tambarare ya Mombo na mabasi madogo kama siafu yakielekea Moshi. Tulikuwa tukiyatazama tu yanavyoondoka, kisha tunarudi nyumbani na hasira tusiyojua imetoka wapi.

Nadhani bendi ilizaliwa na hasira hiyohiyo. Mwalimu wetu alikuja kutoka Tanga na gramafoni na santuri za kizungu. Baba mdogo, aliyekuwa mnoa misumeno, alizisikiliza siku moja tangu asubuhi na kazini hakwenda. Baadaye yeye na dereva wa lori la magogo wakanunua magitaa ya umeme yaliyochakaa kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Mwalimu akachukua dramu. Mwimbaji akawa dada yangu, ambaye alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea, na alikuwa akizunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Lakini umeme ulikuwa mikononi mwa baba. Ndiye aliyeendesha jenereta ya kiwanda, na tena alikuwa mzee wa kanisa. Jumamosi alasiri meneja aliruhusu dansi kwenye ukumbi wa kiwanda, basi baba aliiwasha mashine na kukaa nayo kwenye kibanda chake, tambara mkononi. Ukumbini hakukanyaga hata mara moja. Jua likikaribia kuzama, aliizima, hata kama dada yuko katikati ya neno. Walirudi nyumbani bila kusemezana. Bibi alizoea kusema kwamba baba na dada walipewa shingo moja, ngumu, wagombanie.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na mwenyekiti wa tawi la chama aliuona muziki wetu kuwa kasumba ya kikoloni. Mgeni wa mkoa alipotarajiwa kuja, mwenyekiti aliamua kwamba bendi itampigia wimbo mmoja tu, wa kilimo, alioutunga mwenyewe. Wakienda kinyume, vyombo vitachukuliwa. Dada aliujifunza huku akimenya viazi, akiuimba kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa.

Siku ilipofika, mgeni aliketi chini ya turubai, shikamoo zikamiminika, pilau likanukia. Dada akaimba ubeti wa kwanza, kisha wa pili, halafu akanyamaza. Baba mdogo akamtazama. Dada akasogea karibu na kipaza sauti, akaanza wimbo wao wenyewe, wa Kishambaa, unaosimulia barabara inayoteremka Mombo na mtu anayeitazama kutoka juu. Dereva akaudaka kwa besi, mwalimu akaziamsha dramu. Wapasuaji mbao waliinuka, kina mama waliinuka na watoto mgongoni, nami niliruka mpaka kiatu kikakatika.

Kisha nikamwona mwenyekiti akielekea kibanda cha jenereta. Nikavua kile kiatu kingine na kukimbia, nikafika kabla yake. Nilimshika baba mkono.

"Mzee, zima," mwenyekiti akasema mlangoni.

Baba aliendelea kufuta mafuta vidoleni. Mwenyekiti akarudia, safari hii kwa sauti ya amri.

"Ndugu mwenyekiti," baba akasema, "anayeimba ni mwanangu. Akimaliza, nitazima."

Tulisimama pale watatu mpaka makofi yalipoisha. Ndipo baba akaizima, jua likiwa bado juu.

Vyombo vilichukuliwa wiki ileile, na dereva ndiye aliyeamriwa kuviteremsha. Sijui viliishia wapi. Baba aliondolewa kwenye mashine, akapelekwa kupanga mbao. Ila jioni ya siku ile ya mgeni, tulipokuwa tunakula, alimuuliza dada maneno ya ubeti wa mwisho, maana kwa kelele za jenereta hakuwa amewahi kuyasikia vizuri. Dada aliweka kijiko chini, akamwimbia polepole. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka chakula kikapoa.

Baadaye watu walihamishiwa kijiji kipya. Baba mdogo alikwenda kwenye mashamba ya chai Kwamkoro, mwalimu akapewa uhamisho, kiwanda kikafungwa. Mimi nimeishi miji mingi, na katika kila mmoja nimekaa kama mtu ambaye hajafungua mizigo.

Niliporudi kutoka kule milimani nilimpitia dada. Siku hizi ana wajukuu, na anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Nilimweleza habari za kabichi, akacheka. Nikamuuliza kwa nini hatujawahi kuuimba tena wimbo ule.

"Ule ulikuwa wimbo wa watu wanaotaka kuondoka," akasema. "Na sote tumeshaondoka. Sasa tungeuimba tukiwa wapi?"