Falaki Niliyosoma Mbeya

Kuna siku naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa sitaki kuikumbuka. Sogea karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na nguvu ya kurudia rudia maneno sina. Umeniambia unakwenda kusoma mambo ya anga. Vizuri, nenda. Ila kabla hujafunga mzigo wako, nisikilize mimi niliyetangulia kuyapenda hayo mambo yako.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Sabuni hakuna, sukari ya kupanga foleni, na mimi nimemaliza kidato cha nne hapa Mbeya, nasubiri kupangiwa chuo cha ualimu. Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa Tukuyu mwenye maneno machache, alikuwa ameachiwa darubini na Mzungu aliyerudi kwao. Mvua zilipokwisha, jioni alitukusanya vijana wachache kwenye uwanja wa shule, tumejikunyata kwenye makoti kwa baridi ile ya Juni, tukapokezana kuchungulia. Nikaiona Mshtarii na miezi yake, vidoa vimejipanga pembeni. Nikaiona Zohali, pete zake mwaka ule zilikuwa zimetulalia ubavu, zinaonekana kama uzi tu. Na redio ilishatangaza kwamba chombo cha Wamarekani kimepita karibu na Mshtarii kikakuta nayo ina pete, tena mwezi wake mmoja unatapika moto. Sisi tuliozaliwa jirani na Rungwe, mlima wa moto hautushangazi. Lakini mwezi! Furaha ile, mwanangu, sijaipata tena.

Matatizo yalianzia kwenye neno. Zama zile kila kitu lazima kiwe na Kiswahili chake, basi mwalimu akafungua kamusi, akakuta "falaki", akatuita Chama cha Falaki. Hakuwa na kosa, neno ndilo lenyewe. Lakini mama yangu, ambaye wazee wake walikuja Mbeya na biashara kutoka Bagamoyo, aliposikia hivyo alitokwa na machozi ya furaha. Kwao falaki ni kumtazamia mtu nyota yake: safari ipi ina heri, ndoa ipi ina nuksi. Babu yake alikuwa na elimu hiyo.

"Mama, hii ni ya sayari tu," nikamwambia. "Ya mawe na barafu huko juu."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Usione haya."

Mama alikuwa anauza sokoni mchele wa Ubaruku, ule unaoletwa na malori kutoka Usangu. Sasa mwanamke mwenye meza sokoni ukimpa habari ya kujivunia, unategemea nini? Kesho yake soko zima linajua mwanawe anasoma falaki.

Haukupita muda. Asubuhi moja nipo uani napiga mswaki, akaingia mama mmoja Msukuma, wa zile familia zilizohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Tulikuja kumfahamu kwa jina la Mama Limi. Mgongoni ana mtoto, kichwa kimelegea, midomo imekauka. Mtu mzima yule akapiga goti mbele yangu, akasema, "Shikamoo." Mimi, kijana ambaye hata ndevu hazijaota!

"Nitazamie nyota ya huyu, baba. Tangu juzi ni moto tu."

Nilichukia, mwanangu. Nilichukia kuitwa mganga. Basi nikasimama pale na mswaki wangu mkononi, nikaanza kufundisha. Nikamweleza sayari hazina habari na mtu. Nikamweleza Zohali iko mbali kiasi gani, na zile pete zimeundwa na nini. Kila neno lilikuwa kweli tupu. Yeye ananisikiliza kwa adabu, anaitikia, na nilipomaliza akasema kwa unyenyekevu, "Kama ni kuku, baba, nitaleta."

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Hee! Wewe una akili kweli? Mtu kakuletea mtoto, wewe unampa Zohali?"

Akamgusa mtoto kipaji cha uso, akashtuka. Kisha akamgeukia yule mama. "Huyu bado mdogo, anaona haya kusema. Nyota ya mwanao imeshaonekana. Inasema hospitali. Leo hii, tena usipitie kwingine kokote."

Mama Limi akashukuru karibu kulia, akateremka mbio. Hospitali haikuwa mbali, ni mteremko mmoja tu kutoka kwetu.

Tukagombana, mimi na mama. Nikamwambia amedanganya. "Nimedanganya," akasema, "na mwanawe atapona. Wewe hukudanganya, na kwa ukweli wako angekufa hapa hapa kwenye mkeka wangu. Haya, niambie msomi ni nani." Ilikuwa malaria, na mtoto akapona kweli. Mama Limi alirudi na kibuyu cha samli, na mama akanitazama siku nzima kwa jicho la kunikoga.

Ingeishia hapo, ningekuwa nakusimulia huku nacheka.

Baadaye mwalimu alinichukua tukazunguke shule za Iringa na darubini yetu, tumeifunga blanketi tunaipakata kwenye lori kama mgonjwa. Tulikaa huko muda mrefu. Watoto walikuwa wanapiga kelele wakiona milima ya mwezi wetu, nami nikarudi nyumbani kichwa kimejaa sifa. Nikamkuta Mama Limi amekaa uani na mama. Mama hakuinua uso.

Mtoto wa mdogo wake Mama Limi alikuwa ameshikwa na homa ile ile. Pale kwao walisema apelekwe hospitali. Mama mtoto akakataa. Akasema yule wa kwanza nyota yake ndiyo ilisema hospitali, huyu wake huenda inasema lingine, asije akaikosea; asubiriwe mwenye falaki. Wakamtuma utingo wa lori la mchele aje kuniulizia. Akawarudishia jibu kwamba nimesafiri. Wakanisubiri.

Wakamzika mtoto bado wananisubiri.

Mama Limi hakuja kwa ugomvi. Afadhali angekuja kwa ugomvi. Aliniuliza taratibu tu, "Ungekuwepo, baba, nyota yake ingesemaje?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Hospitali."

"Kumbe na yake ilikuwa inasema hivyo hivyo," akasema Mama Limi. Kisha akatuangalia, mmoja baada ya mwingine. "Kumbe zote zinasema hivyo hivyo."

Akajifunga khanga yake vizuri, akaaga, akaondoka. Hatukumwona tena.

Jioni ile mama hakugusa chakula, analia tu. Nilidhani ananililia mimi, au anajililia yeye. Mwishowe akasema, "Siku ile tungempeleka sisi wenyewe, baba. Tungekaa naye pale hospitali, aone sindano, aone dawa, ajue kilichomponya mwanawe ni nini. Mteremko mmoja tu, wanangu, mvivu gani mimi." Aliniita wanangu, kana kwamba tuko wengi. Sikumsahihisha.

Nimefundisha sayari maisha yangu yote, na bado nazipenda, lakini nimechoka, mwanangu. Basi shika hili moja. Utajua mengi huko, na yatakuwa ya kweli. Usimrushie mtu ukweli wako ili wewe uonekane msomi, huku yeye anaungua. Wala usimpe uongo mtamu kwa sababu tu uongo huo leo umefanya kazi; utaondoka, na uongo utabaki unafanya kazi bila wewe. Mtu akikujia na shida, vaa viatu, mshike mkono, mfikishe. Atakayoyaona kwa macho yake akiwa na wewe, hayo ndiyo atakayokwenda kuwaambia wa kwao.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akupe walimu wema na afya ya kusoma. Na siku mama wa mtu atakaposimama mlangoni pako, akukute upo. Amin.